Nilivyojifanya Nyota Nyuma ya Msikiti

Mimi mwalimu wa hesabu, mgeni mtaani, niliyesoma kitabu kimoja cha Kizungu nikajiona mwanazuoni. Nikataka kuwaonyesha jamaa wa barazani jinsi nyota nzito mno inavyobonyeza mbingu. Nyuma ya msikiti nikaona kitanda cha kamba zilizolegea, nikakitoa ukutani, nikawaita, nikajitumbukiza katikati niwe nyota. Jamaa wakatazamana. Nikadhani elimu imewazidi.

"Ukingoni mwa shimo la nyota hii saa husimama," nikawaambia. "Anayevuka hatoki tena, wala harudi kusimulia."

"Kweli, mwalimu," akasema Sheikh Haji, muoshaji maiti wa mtaa, aliyekuja kukichukua kitanda chake. "Wote nliowalaza hapo hawajarudi. Sasa teremka, kuna mwenzako anakingoja."

Nikajaribu kunyanyuka. Kamba zikanikatalia.