Mshipi wa Prezida

Mwaka 2018 nilikuwa na saluni pale Berea, chini ya ghorofa tulimoishi Wakongo wengi ugenini, na televisheni yake haikuzimwa. Siku moja ilionyesha maisha ya rais wa zamani wa nchi ndogo ya Amerika ya Kati: mtoto wa wachuma kahawa, akawa mwalimu, akawa mbunge, akawa rais. Muhula wake ulipokwisha alivua begani mshipi wa rangi za bendera, akamvisha aliyemfuata, akarudi zake kufundisha.

Mwenyekiti wa chama chetu cha Wakongo cha kuzikana, ambaye sote tulimwita Papa Prezida, alikuwa kwenye kiti changu ananyolewa ndevu. Alicheka. “Eish, mama, huyo walimfukuza tu. Mtu haachi kiti hivi hivi.”

Muhula wake yeye ulikuwa umekwisha zamani, na kiti hakukiachia. Mimi si mtu wa kumeza maneno, lakini nilikuwa nimeshika wembe shingoni mwake, nikaendelea kunyoa. Wateja walicheka kichinichini, na kabla ya Jumapili ya mkutano wa chama jengo zima lilikuwa na habari. Mimi nilishona mshipi wa kitenge.

Alipoingia mkutanoni tulisimama wote, maana kwetu haketi mtu kabla prezida hajaketi. Nikamvisha ule mshipi. Alijitazama kifuani, akapungia watu mkono.

“Umependeza, Papa,” nikamwambia. “Sasa kumbuka yule wa televisheni aliufanyaje wake.”

Tabasamu likamkauka mdomoni. Akaketi upesi, ili nasi tuketi mambo yaishe.

Hakuna aliyeketi.