Uwanja Uliofagiwa

Siku yangu ya kwanza kazini Dodoma nilivaa suti, maana sikurudi nyumbani kama mtu aliyeshindwa. Niliondoka Buigiri, kijiji cha hapa hapa Dodoma, nikiwa kijana muuza karanga, nikafika Muscat, Omani, nikatunza bustani za matajiri juu ya mchanga mtupu, na kwa jasho langu nikajisomesha hadi stashahada ya bustani. Nasema haya mapema ili mjue anayewasimulia ni nani.

Mkuu wa Kitengo cha Bustani alinitazama kuanzia viatu hadi tai. "Ndugu, umekuja kupanda miti au kuoa?"

Akanipeleka kwenye uwanja wa wazi upande wa Zuzu, katikati ya nyumba za watumishi na za wenyeji. Palikuwa na vijiti vikavu tu. "Kila msimu wa mvua tunapanda miti, kila kiangazi inakufa," akasema. "Ofisa Mipango Miji anataka pawe maegesho ya malori. Miti ikifa tena safari hii, sina la kumjibu. Watoto watacheza kati ya matairi."

Mvua zilipoanza nilipanda mijohoro na miarobaini. Kila mche niliuchimbia kisahani, yaani kibonde kinachozunguka shina ili maji yasikimbie. Mvua zilipokata nikaweka matandazo, ambayo ni majani makavu na mabua ya mtama yanayofunika udongo ili jua lisiunyonye. Kazi ilikuwa nzuri, sioni haya kusema.

Kesho yake hapakuwa na jani hata moja. Mistari ya fagio ilifika hadi kwenye mashina, na visahani vilikuwa vimesawazishwa. Nikaweka tena, yakafagiwa tena. Miche ikaanza kunyauka.

"Weka mgambo," Mkuu akaniagiza.

Nikamwomba asubiri kidogo. Mgambo angemkamata mwenye fagio, lakini mimi nilitaka kujua fagio lenyewe linatafuta nini.

Alfajiri niliwakuta wanawake wameinama wanafagia. Aliyewaongoza alikuwa Mama Neema, mwenyekiti wa kikundi cha kinamama cha mtaa.

"Mbukwenyi," nikawasalimu kwa Kigogo chetu.

"Mbukwa, Baba Muscat," akajibu bila kuinuka, kwa jina nililokwisha kubandikwa mtaani. "Kumbe ni wewe unayetumwagia takataka."

"Si takataka, mama. Ni matandazo."

"Jina zuri. Na nge wakilala humo, nao utawapa jina?"

Wenzake wakacheka. Mimi nikauliza habari za nge. Hapo akainuka. Mjukuu wake aliumwa palepale, alipokanyaga rundo la majani, mguu ukavimba hadi gotini. "Palipofagiwa nge unamwona," akasema. "Nyoka akipita unaona njia yake. Mjukuu wangu hachezi mahali nisipopaona."

"Lakini huu ni uwanja wa serikali. Nani amewaagiza?"

"Tusipofagia, watu wanamwaga taka. Tukifagia, kila apitaye anajua pana wenyewe."

Nilirudi ofisini nikiwaza. Mwenye stashahada ya kweli hujua sababu ya kila kanuni, si kanuni tu. Kanuni inataka udongo ufunikwe. Haikusema lazima uonekane umefunikwa na majani. Nikaagiza mchanga wa chenga, ule wa punje kubwa, kutoka korongoni. Majani niliyafukia ndani ya visahani, juu yake nikashindilia mchanga mzito. Unyevu ulibaki chini, na nge hakuwa na pa kujificha.

Mama Neema akapitisha fagio juu ya mchanga, akaangalia mistari yake. "Huu naufahamu," akasema. "Visahani viache, tutafagia kuvizunguka."

Nikamwomba jambo moja zaidi, na kila nyumba ikachukua mti wake, ikawa inaumwagia maji ya kuoshea mboga.

Kiangazi kilipokaribia kwisha, Ofisa Mipango Miji alikuja kukagua. Gari lake lilipogeuka kuingia uwanjani, Mama Neema akasimama mbele yake na fagio mkononi.

"Shikamoo, mama," Ofisa akasema dirishani.

"Marahaba, mwanangu. Egesha kule. Hapa pamefagiwa."

Alitazama ile mistari, akarudisha gari nyuma, akateremka na kutembea. Miti mingine ilikuwa imekufa, sifichi. Mingi ilikuwa na majani mabichi. Akamuuliza Mkuu wa Kitengo, "Hawa kinamama mmewaajiri?"

"Hapana, mheshimiwa."

Akageuka kulitazama gari lake. "Basi malori tuyatafutie kwingine. Mimi mwenyewe nimeshindwa kuingiza gari."

Baadaye nilihamishiwa kwenye kitalu cha miche Makutupora, kisha nikarudishwa mjini nikiwa msimamizi, na kila kituo nilikiacha kijani kuliko nilivyokikuta. Sasa nimestaafu, na jioni nakaa kwenye kivuli cha mijohoro ile. Juzi ofisa kijana wa bustani alinijia pale amekasirika. Alikuwa amepanga mabenchi katikati ya uwanja, na kwa mara ya pili ameyakuta yamesogezwa yote upande mmoja.

"Mzee, nifanyeje? Niweke mlinzi?"

Nikamwambia anipitie kesho alfajiri. Hata mimi sijui kwa nini wameyasogeza, na nina hamu kubwa ya kujua.