Kadi ya Lishe ya Nusu Daktari

"Nileteeni mbwa yeyote. Mnene, mwembamba, mzee, hata yule aliyekwisha kata tamaa. Nipeni wiki sita na chakula nitakachochagua mimi. Nikishindwa, kola ya mbwa nitavaa mimi."

Maneno hayo Nusu Daktari aliyasema kwenye kipaza sauti, Jumamosi saa tano asubuhi, mbele ya duka la vyakula vya mifugo alikoajiriwa. Kipaza sauti kilikodiwa kutangaza punguzo la chakula cha kuku. Habari za mbwa hakuna aliyemtuma. Lakini Nusu ukimpa kipaza sauti ataje bei, ataanza na sifa zake mwenyewe, na akimaliza hizo bei ameshaisahau.

Jina alipewa na ndugu zake, na alilistahili. Stashahada ya afya ya wanyama ni ya miaka mitatu. Yeye alisoma mwaka mmoja na miezi saba. Ukimuuliza kwa nini aliacha, jibu lilitegemea anayeuliza. Wasichana aliwaambia chuo kilikuwa kinamchelewesha. Mama yake alimwambia ni ada. Nafsi yake aliiambia ukweli, tena akiwa bafuni maji yanamwagika ili asijisikie vizuri: alianguka masomo manne, akaona haya kurudia darasa na vijana waliokuwa wakimwamkia. Hata hivyo koti jeupe hakulirudisha. Alilivaa dukani kila siku, akipima pumba.

Jumamosi hiyo shangazi yake alikuwa ng'ambo ya barabara akinunua sabuni, akasikia kila neno. Jumatatu asubuhi alivuka na mbwa wake.

Mbwa huyo aliitwa Karani. Jina alipewa na marehemu mume wa Shangazi, kwa sababu tangu utotoni alipenda kulala chini ya meza ya kuandikia, kama anayesubiri mafaili. Mume alikuwa na miaka mitatu kaburini, watoto walikuwa mbali, na Karani ndiye aliyebaki kusikiliza Shangazi anaposema "leo kuna joto". Kwa bahati mbaya alikuwa pia ndiye aliyebaki kula vyakula vya watu wawili. Ukimwona akija kwa mbali ungedhani kuna mtu anasogeza meza.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia tangazo lako."

"Lile lilikuwa la chakula cha kuku, Shangazi."

"Mimi nimesikia la mbwa."

Akaeleza. Karani ana uvimbe tumboni, ukubwa wa yai. Daktari wa mifugo ameupima na kusema si wa kutisha leo, lakini unakua na lazima utolewe. Tatizo ni unene. Mbwa ana kilo ishirini na tisa, na daktari hathubutu kumlaza kwa dawa ya usingizi akiwa hivyo. Moyo wake na mapafu yake vimeelemewa. Ashuke mpaka kilo ishirini na tano, ndipo ataguswa.

"Nakuletea wewe kwa sababu umesema unaweza," Shangazi alisema. "Ungekuwa hujasema, nisingekuja."

Daktari mwenyewe alikuwa binti aliyekaa na Nusu dawati moja chuoni. Yeye alikaa mpaka mwisho. Nusu alikuwa akinakili majibu yake kwa uaminifu mkubwa, hata makosa.

Lakini tuseme haki: kwenye kuchagua chakula, kijana alikuwa anajua. Alimketisha Shangazi kwenye ndoo iliyofunikwa, akashusha mifuko mitatu ya chakula cha mbwa na kuipanga kwenye kaunta, akaanza kusomesha kwa sauti ya kusikiwa na wateja wengine.

"Huu wenye picha ya mbwa anayeruka uache. Picha hailiwi. Geuza nyuma. Vilivyomo vimeandikwa kwa kufuata uzito. Cha kwanza ndicho kingi. Hapa cha kwanza ni mahindi, cha pili ni maganda ya ngano. Kinachoitwa nyama kinakuja cha tano, tena hawasemi nyama ya nini. Ungekuwa wewe ungekula?"

"Mimi si mbwa."

"Ndiyo maana nauliza. Huu wa pili una punje nyekundu na kijani. Rangi hizo mbwa hata hazioni vizuri. Zimewekwa kwa ajili yako wewe unayelipa. Sasa tazama huu wa tatu: cha kwanza kuku, ametajwa kwa jina lake. Umeandikwa ni mlo kamili, maana yake hahitaji kuongezewa kitu. Ni wa mbwa wanaotakiwa kupungua. Tarehe ya mwisho bado mwaka. Nusa. Hakuna harufu ya mafuta yaliyochacha."

Shangazi alinusa kwa makini. Miaka thelathini na moja alikuwa mgawa dawa katika zahanati, na alinusa kama mtu anayekagua dawa ya kifua.

"Sawa. Nampa kiasi gani?"

Hapo ndipo Nusu alipotoa fahari yake. Dukani walikuwa wakifungua mifuko mikubwa na kuuza kwa kupima, kilo mbili kilo tatu, ndani ya mifuko myeupe isiyo na maandishi. Mteja haoni mgongo wa mfuko halisi hata siku moja. Kwa hiyo Nusu alibuni kadi. Alinakili kiasi kutoka kwenye jedwali la mfuko, akaandika kwa mwandiko wa kulala, akaibana kwenye kila mfuko mweupe kwa pini. Juu aliandika KADI YA LISHE, na chini akaweka sahihi ambayo nusu yake ilikuwa mkia. Watu walizipenda. Mwenye duka, mama mmoja asiyecheka ovyo, alizipenda kuliko wote, maana tangu zianze kutoka chakula cha mbwa kilikuwa kinakwisha haraka ajabu.

Kadi ya Karani ilisema: gramu mia tatu na sitini asubuhi, gramu mia tatu na sitini jioni. Usiongeze chochote.

Shangazi aliikunja, akaitia kwenye pochi alimoweka kitambulisho.

Wiki tano zilipita. Nusu alihesabu ushindi mapema. Alishafikiria hata atakavyojifanya mnyenyekevu, akae kimya kidogo halafu aseme "ni kazi tu". Siku ya kupima uzito aliomba ruhusa dukani, akavaa koti lake jeupe, akaenda kliniki na Shangazi.

Karani alipandishwa kwenye mizani. Daktari akatazama, akamshusha, akafuta mizani kwa kitambaa, akampandisha tena.

"Thelathini na moja na nusu," alisema.

Karani alikaa palepale juu ya mizani, akihema, akionekana kuridhika na matokeo.

"Mama, nani anampa vitu pembeni?" daktari aliuliza kwa upole.

"Hakuna."

"Labda biskuti kidogo ukinywa chai?"

"Binti yangu, nimegawa dawa miaka thelathini na moja na sijawahi kumzidishia mtu kidonge. Nina mizani ya jikoni. Nampimia."

Nusu angeweza kunyamaza. Badala yake alitikisa kichwa kama hakimu mwenye huruma. "Shangazi, si kosa kupenda. Lakini huruma yako ndiyo inamfunga huyu mbwa. Mabaki ya wali ni mabaki ya wali."

Shangazi alifunga kamba ya Karani, na walipofika nje alisema, "Kesho saa kumi na mbili asubuhi uje kwangu, wewe kijana, uone ninavyomhurumia."

"Wewe kijana" lilimwingia. Tangu azaliwe alikuwa "mwanangu".

Alifika saa kumi na mbili na robo. Jiko lilikuwa dogo, safi, lina harufu ya sabuni ya mche. Kadi ilikuwa imebandikwa ukutani, juu ya bakuli la mbwa, pembeni yake daftari lenye tarehe na alama za vema, asubuhi na jioni, wiki tano, hakuna hata moja iliyorukwa. Shangazi aliweka bakuli tupu kwenye mizani, akarudisha mshale sifuri, akamimina. Ilipofika mia tatu na sitini akatoa punje mbili.

"Zilizidi," alisema.

Nusu alipekua pipa la taka. Alichungulia nyuma ya jokofu. Alimuuliza jirani juu ya ukuta kama huwa anamrushia mbwa mifupa, na jirani akamuuliza naye yeye nani, na kwa nini amevaa koti la daktari mapema hivyo. Hakupata hata kipande cha mkate. Karani alimfuata kila alikokwenda, ulimi nje, kama karani kweli anayemsaidia mkaguzi.

"Umemaliza?" Shangazi aliuliza.

"Nimemaliza, Shangazi."

"Kuna uvimbe kwenye tumbo la huyu mbwa. Jana nimeushika, umekua. Wiki zangu tano nyingine siwezi kukupa za kutafuta mabaki ya wali." Alibandua kadi ukutani. "Hizi namba ulizitoa wapi?"

"Kwenye mfuko."

"Nataka kuuona huo mfuko."

Walitembea mpaka dukani. Ilikuwa saa ya wateja wengi. Shangazi alipita mbele ya kaunta, akauomba mfuko mkubwa, mwenye duka akaugeuza. Kutoka kwenye pochi Shangazi alitoa lenzi aliyokuwa akisomea chupa za dawa, akashuka nayo mstari kwa mstari. Fundi viatu alikuwa hapo, na mchomeleaji wa mageti, wote wamekuja kununua chakula cha mbwa, wote kadi mkononi.

Kidole cha Shangazi kilisimama.

"Soma hapa. Kwa sauti."

Nusu aliinama. Kilo thelathini, gramu mia tatu na sitini. Alikuwa ameisoma mara mia. Kidole cha Shangazi kikapanda juu, kwenye kichwa cha safu, maneno matatu madogo ambayo hakuwahi kuyafikia, kwa kuwa macho yake yalikuwa na haraka ya kufika kwenye namba.

Kiasi kwa siku.

Alikuwa ameandika cha siku nzima asubuhi, na cha siku nzima tena jioni. Na si kwa Karani peke yake. Kila kadi aliyowahi kuitia sahihi yenye mkia ilisema hivyohivyo. Alikumbuka, kwa uwazi wa kuudhi, siku walipofundishwa kusoma majedwali ya lishe. Yeye alikuwa nje ya darasa, chini ya dirisha, akimweleza msichana mmoja kwa nini masomo hayo ni mepesi.

"Hili..." alianza, "inawezekana hili ni toleo jipya la mfuko, Shangazi, yale ya zamani yalikuwa..."

Mwenye duka alimtazama kwa matumaini. Uongo huo ungewafaa wote wawili. Tangu zije kadi, mauzo ya chakula cha mbwa yalikuwa maradufu, na sasa ilijulikana kwa nini. Shangazi hakumtazama kabisa. Alikuwa anaifuta lenzi kwa ncha ya kanga, taratibu, akisubiri, kama alivyowasubiri wagonjwa wakumbuke wenyewe ni vidonge vingapi walimeza.

"Si toleo jipya," Nusu alisema. "Nimekosea mimi. Nimesoma vibaya. Shangazi hakuongeza chochote. Alifanya nilichoandika, na ndicho kilichomnenepesha."

"Kumbe," alisema mchomeleaji wa mageti. "Nimepanua kitundu cha mbwa getini mara mbili. Nikadhani geti linasinyaa."

"Wangu alikuwa anafukuza pikipiki," alisema fundi viatu. "Siku hizi anaziangalia tu zikipita. Nikasema amekua na busara."

"Kola zipo saizi yako, Daktari, au tukupimie kamba?" mchomeleaji aliuliza.

Walicheka wote, hata mwenye duka kidogo. Nusu alivua koti jeupe, si kwa unyenyekevu, ni kwa joto lililompanda shingoni, na hakujua aliweke wapi, akalikalia.

Alasiri hiyo alipita nyumba kwa nyumba kukusanya kadi, arobaini na tatu. Kila mlango alirudia maneno yaleyale: nimekosea, gawanya kwa mbili. Wengine walimcheka. Bibi mmoja alimwambia yeye hakuwahi kuifuata kadi, alikuwa anakisia kwa mkono, na mbwa wake akatoka akiwa mwembamba, mzima, anang'aa. Hilo lilimuuma kuliko vicheko vyote. Kisha akaenda kliniki, akabisha, akamwambia daktari waliyekaa naye dawati moja, "Nifundishe ile siku niliyokuwa dirishani."

Daktari alimfundisha kwa dakika ishirini. Kwa mbwa anayetakiwa kupungua, alisema, usisome mstari wa uzito alionao. Soma wa uzito unaoutaka, halafu gawa kwa milo. Nusu aliandika. Safari hii alisoma na vichwa vya safu.

Kadi mpya ya Karani iliandikwa na Shangazi mwenyewe: gramu mia na thelathini asubuhi, mia na thelathini jioni. Chakula kilikuwa kilekile. Kila Jumapili Nusu alimtembeza Karani mpaka mwisho wa barabara na kurudi, mwanzoni wakipumzika mara sita, na anakiri kwamba mapumziko mawili kati ya hayo yalikuwa yake. Uvimbe ulikua kidogo tena, na kwa muda wa wiki mbili Shangazi alikuwa akiupima kwa uzi kila asubuhi. Hakumwita mwanangu.

Iliwachukua miezi mitatu na nusu. Daktari alimpandisha Karani kwenye mizani, hakuifuta, hakumrudisha. Ishirini na tano kasorobo.

"Jumanne asubuhi," alisema. "Aje bila kula."

"Umesikia, mwanangu?" Shangazi alisema. "Bila kula. Usije ukamwandikia kadi."

Jumanne walikaa kwenye benchi la kliniki saa moja na dakika kumi. Nusu hakusema utani hata mmoja. Shangazi alishika kamba isiyo na mbwa, akiikunja na kuikunjua. Kisha mlango ukafunguliwa, na Karani akaletwa juu ya blanketi, macho hayajakaa sawa, tumbo limefungwa bendeji, mkia ukigonga mara moja alipoisikia sauti ya Shangazi. Daktari alisema uvimbe umetoka wote, ulikuwa wa mafuta tu, na Karani yuko salama.

Nusu alisimama, akaenda kwenye dirisha la malipo kulipa kwa mshahara wake. Kwenye ukuta kulikuwa na karatasi ya bei, na aliisoma kuanzia kichwa cha safu. Upasuaji wa uvimbe, pamoja na dawa ya usingizi, vidonge vya maumivu na kutoa nyuzi: laki moja na elfu thelathini. Alihesabu noti mara mbili, akalipa.