Kipimo cha Fundi Cherehani

Mama fundi cherehani alikuwa bingwa wa kuwaambia wateja "rudi keshokutwa", huku kitambaa chenyewe hata mkasi hakijauona. Leo yuko maabara, kashika majibu ya damu: homoni ya ujauzito, mia na ishirini.

"Sasa hii ni mimba au si mimba?" akamuuliza muuguzi.

"Ni mimba, ila bado changa. Namba moja haituambii kama inakua vizuri. Tutapima tena tuone kama imepanda karibu mara mbili."

"Lini?"

"Rudi keshokutwa, dada."

Fundi akamkazia macho, akitafuta usoni mwake ule uongo anaoujua vizuri.

"Keshokutwa ya kweli," akauliza, "au ya fundi?"