Ukumbi Usio na Mwenyeji

Siku walipobomoa ofisi ya mwalimu wangu nilikuwa nimesimama nje na ramani mkononi. Ramani hiyo niliichora mimi. Chuo chetu hapa Tanga kilikuwa kimeligawa ghala kuukuu la katani kuwa vyumba vidogo vya walimu, nami nilipendekeza kuta zote ziangushwe, ghala lirudi kuwa ukumbi mmoja. Humo walimu na wanafunzi wangefanya kazi pamoja, kwenye meza za magurudumu zinazosukumwa kokote, na mbao za kuandikia zinazohama kama mapazia.

Walimu wenzangu walikataa. Nani anataka kuachia mlango wake? Basi nikamwendea yeye, mzee wa Mwera aliyenifundisha kuchora nilipokuwa mwanafunzi papa hapa, na ambaye sasa alikuwa amebakiza miaka michache astaafu. Nilimwambia akikubali yeye, wengine wataona haya kukataa. Akatazama rafu zake za vitabu na friji yake ndogo, akautazama mlango.

"Hakuna neno, binti yangu," akasema. "Chora."

Mkuu wa chuo naye alikubali, ila kwa sharti. Bodi ingekuja mwisho wa muhula kuona kama kweli walimu na wanafunzi wanakaa pamoja. Wakiukuta ukumbi mtupu, utakuwa stoo ya viti vibovu, na ofisi hazitajengwa tena. Nilielewa maana yake. Wazo langu likishindwa, mwalimu wangu atamalizia utumishi wake hana pa kukaa, kwa sababu alinisikiliza mimi. Hilo lilikaa kifuani mwangu asubuhi hadi jioni.

Niseme pia kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utotoni. Kule kwetu Chumbageni mama yangu alikuwa akinitania kwamba mchele haujaoshwa, mimi nishaogopa wali kuungua. Kwa hiyo nilikuwa nimejiandaa kwa kila balaa: umeme kukatika, soketi kuwa chache, joto la mwezi wa pili. Balaa la kwanza sikuliwaza. Sakafu ya ghala ina mteremko, waliijenga hivyo ili maji ya kuoshea yatoke, na meza zangu za magurudumu zikaanza kusafiri zenyewe kuelekea mlangoni. Mwanafunzi anaandika, meza inamkimbia. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Nikatafuta magurudumu yenye breki, nikafunga mengine kwa mikono yangu.

Lakini breki hazikuwaleta walimu. Wanafunzi walijaa, na mwalimu yeyote akiingia, wote husimama. Shikamoo huku, shikamoo kule, mazungumzo yamekatika. Mwalimu anaketi, wanafunzi wanaketi kwenye ncha za viti, halafu mmoja anakusanya vitabu vyake taratibu, na mwingine, na mwingine. Baada ya muda mfupi mwalimu yuko peke yake na meza zote. Nani atarudi tena? Nilileta chai, nikazihamisha meza, nikazipanga duara ili pasiwe na mbele wala nyuma. Kila nilichofanya kilikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

Mwalimu wangu alijaribu wiki ya kwanza, kisha nikaanza kumwona ndani ya gari lake, kwenye kivuli cha ukuta, amefungua vioo, anasahihisha kazi za wanafunzi juu ya usukani. Kila nilipopita nilijifanya sikumwona. Nilikuwa nimemfukuza mwalimu wangu kutoka chumbani mwake na kumtia kwenye gari.

Asubuhi moja nilikuwa nimechutama nyuma ya ubao mkubwa, nakaza breki. Ukumbi ulikuwa na wanafunzi wengi. Nikasikia kikohozi mlangoni, nikakitambua.

"Hodi."

Kalamu zote zikasimama. Hakuna aliyejibu.

"Hodi wenyewe."

Kimya. Mlango ulikuwa wazi kabisa, wanamwona, naye anawaona.

"Hodi," akasema mara ya tatu, kwa sauti ya chini zaidi. Kisha nikasikia viatu vyake vikirudi vilikotoka. Mtu aliyelelewa vizuri pwani hii akipiga hodi mara tatu pasiwe na jibu, hugeuka akaenda zake, na wala haulizi kwa nini.

Mimi nami nilinyamaza. Nimkaribishe mimi, pale pale ilipokuwa ofisi yake, kana kwamba nimeirithi? Nilibaki nimechutama na bisibisi mkononi, nimejaa aibu na hasira. Alipokwisha kwenda nikatoka nyuma ya ubao. Karibu yangu alikuwa ameketi msichana mmoja wa mwaka wa pili, mtoto wa Pemba, mwenye ulimi mwepesi kuliko wenzake.

"Mbona hamkumwitikia?" nikamfokea.

"Sasa mwalimu, mie nimkaribishe mwalimu chuoni kwake?" akasema. "Si utovu wa adabu huo? Nyumba si yangu, ntasemaje karibu?"

"Na mbona akikaa mnaondoka?"

"Twaona haya. Hatujui nani kamkaribisha mwenziwe."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimepima kila kitu humo, upepo wa madirishani na kimo cha meza, nikasahau kwamba nyumba haikaliki bila mwenyeji. Nilijivunia kwamba ukumbi ni wa wote, na kumbe kwa sababu hiyo hakuna aliyethubutu kutamka karibu. Walimu walijiona wageni, wanafunzi walijiona wageni, kila mtu kakaa kama aliyekuja msibani kwa watu asiowajua.

Tukakubaliana jambo dogo. Kila asubuhi mwanafunzi mmoja atashika ufunguo. Huyo ndiye mwenyeji wa siku: atafagia, atafungua madirisha, ataweka birika jikoni, na yeyote atakayepiga hodi, hata awe mkuu wa chuo, atamkaribisha na kumwonyesha pa kukaa. Wengine wote wabaki wameketi. Mpemba ndiye aliyeanza. Sikumtuma, lakini alitoka nje moja kwa moja mpaka kwenye gari.

"Mwalimu, karibu ndani. Mgeni njoo mwenyeji apone. Kuna hesabu ya boriti imetushinda."

Mwalimu wangu akachukua mkoba wake akamfuata. Walimpa kiti karibu na dirisha. Hesabu ya boriti ikaisha, ikaja nyingine, na hata mimi nilipopita hakuna aliyenyanyuka. Baada ya wiki chache walimu wengine wakaanza kuja, mmoja kwa ajili ya chai, mwingine kwa sababu huko nje alikuwa amechoka kuzurura. Furaha yangu haikuwa na mfano. Nilimpigia mama simu nikamwambia wali umeiva.

Lakini kila mchana, hata akiwa katikati ya maelezo, mwalimu wangu alisimama ghafla, akaomba radhi, akatoka. Mwanzo nilidhani anakwenda kuswali. Msikiti uko kushoto ukitoka getini, naye alikuwa anakata kulia, kwenye gari. Siku nyingine alirudi jasho linamtiririka na kalamu inamtetemeka mkononi. Wasiwasi wangu ukapata kazi mpya. Niliamini bado amenikasirikia, kwamba anakaa nasi kwa heshima tu na mchana uvumilivu unamwishia. Nikaona heri nimwombe radhi yaishe.

Nilimkuta ameketi kiti cha nyuma, amepandisha shati, sindano iko mkononi. Pembeni yake palikuwa na chupa ya chai imejaa vipande vya barafu, na kichupa cha dawa kimezungushiwa kitambaa. Alinyanyua macho akaniona. Na mimi, kwa upumbavu wangu, kitu pekee kilichonitoka kilikuwa, "Shikamoo."

"Marahaba," akasema. "Geuka kwanza nifunge vifungo."

Niligeuka. Gari lilikuwa tanuri. Aliponiita niketi, nilimuuliza tangu lini.

"Sukari? Siku nyingi. Wewe ulikuwa bado mwanafunzi."

"Mbona hukuniambia, Mwalimu? Ningekuchorea chumba."

"Ungechora, wenzako wangekuuliza cha nini, nawe ungewajibu mzee ana sukari. Tangu hapo kila nikinywa chai wangenitazama kikombe." Akaipapasa ile chupa. "Tabu ni joto tu. Siku nyingine dawa yaharibika, nachoma kama nimechoma maji."

Ndipo nilipokumbuka friji yake ndogo. Siku tulipohamisha vitu vyake niliwaelekeza mafundi waiweke penye chai, wanafunzi watilie soda zao. Nilisema kwa majivuno, tena mbele yake, kwamba sasa hata friji ni ya pamoja. Naye alisema hakuna neno. Miezi hiyo yote nilikuwa nikiogopa kwamba nimemvunjia heshima, na kumbe ningeweza kumuua.

Niliapa sitamwambia mtu. Kesho yake nikachora chumba kidogo kwenye kona ya ukumbi, chenye kuta za mbao hadi juu, sinki, kiti, friji yenye kufuli, na mlango wa komeo la ndani. Mkuu wa chuo aliitazama ramani akakunja uso.

"Wewe si ndiye uliyetuambia milango ndiyo adui?"

"Ndiyo mzee. Huu mmoja nauhitaji."

"Wa nini?"

"Siwezi kusema."

Akanitazama kama anayejiuliza kama ana mwendawazimu kwenye orodha ya wafanyakazi. Aliruhusu, ila akaniambia bodi ikija nitajieleza mwenyewe, na wakiona nimeanza kurudisha ofisi kwa mlango wa nyuma, ukumbi wote utakuwa matatani. Chumba kikajengwa. Gari likabaki tupu mchana. Sasa kazi yangu ikawa kusikiliza komeo. Likigonga kufunga, moyo wangu unasimama mpaka ligonge tena kufungua.

Wajumbe wa bodi walikuja mchana, saa ambayo nisingeichagua. Ukumbi ulikuwa umefurika. Mpemba ndiye alikuwa mwenyeji, akawakaribisha, akawapa viti, na hakuna mwanafunzi aliyesimama. Niliwaona wakipendezwa. Nilikuwa nikiwaeleza habari za mteremko na breki, wakicheka, wakati komeo lilipogonga nyuma yangu. Mwalimu wangu ameingia.

Nikaendelea kueleza. Nilieleza upepo, nikaeleza soketi. Komeo halikugonga. Nikarudia upepo. Mjumbe mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, akakielekezea kidole kile chumba.

"Na kile kilichofungwa ni cha nani?"

Nikisema, nimemvunjia siri yake. Nisiposema, wataamua ninavyoogopa, na chumba kitavunjwa. Na kubwa zaidi, kwa nini komeo halifunguki? Nilimwona kwa macho ya moyo amelala sakafuni, sindano imemdondoka, na mimi nje natoa hotuba juu ya hewa safi. Nilikwishapiga hatua kuelekea mlangoni, bega mbele, tayari kuvunja, nilipomsikia Mpemba nyuma yangu.

"Kile, mama, ni cha mwenye haja nacho," akasema kwa adabu. "Huingia mwalimu, huingia mwanafunzi. Sie wenyeji hatuulizi."

Yule mama akamtazama, akavua miwani akaifuta, akatikisa kichwa kukubali. Hakuuliza tena. Sijui yeye mwenyewe alikuwa amekumbuka nini.

Komeo likagonga. Mwalimu wangu akatoka, shati limechomekwa vizuri, uso umenawishwa. Akawaamkia wageni, akarudi kitini kwake karibu na dirisha. Alinipita bila kunitazama, ila alinigusa kiwiko kidogo, nami nikaegemea meza. Meza ilikuwa haina breki, tukaenda nayo.

Bodi ilisifu sana. Mkuu wa chuo alinipa mkono mbele ya watu, akatangaza kwamba likizo ijayo tutabomoa ofisi zote za jengo la pili pia, na kwamba ramani nitachora mimi. Watu wakapiga makofi. Mwalimu wangu naye akapiga.

Jumatatu yake nilizunguka jengo la pili kabla sijagusa kalamu. Niliingia ofisi moja moja, nikafunga mlango nyuma yangu, nikauliza kwa upole kama kuna jambo lolote ambalo mwenzangu angependa nilijue kabla ya kuta kuanguka. Wote walinijibu kwa heshima kwamba hakuna neno. Ofisi ya mwisho ilikuwa ya mhadhiri kijana, dada mchangamfu ambaye huwa wa kwanza kucheka mikutanoni.

"Mimi sina shida kabisa, dada yangu, bomoeni tu," akaniambia akitabasamu, na huku akisema hivyo akaisukuma droo ya meza yake kwa goti, polepole, mpaka ikafunga.