Usimvute Paka Aliyejificha

Mwanangu, ipo siku moja ya utotoni ambayo nimekuwa nikiikumbuka tangu jana jioni, uliponionyesha mikwaruzo mkononi mwako. Ulisema mbwa wa jirani alimkimbiza paka wako, akaingia chini ya kitanda na hataki kutoka, na wewe kwa huruma zako ukamvuta mguu ili umbembeleze. Nilicheka, unisamehe. Sikukudharau. Nilimkumbuka marehemu baba yangu, aliyefanya vibaya kuliko wewe.

Nyumbani kwetu, upande wa Mvumi, tulikuwa na paka jike wa kijivu aliyeitwa Matroni. Kaka yangu, aliyekuwa akisoma bweni, ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu kila usiku paka yule alikagua nyumba nzima kona kwa kona. Zamu yake hasa ilikuwa chumba cha ndani chenye kilindo, lile pipa kubwa la magome tulilohifadhia mtama. Usidhani ni jambo dogo. Mvua za kwetu unazijua. Panya wangeumaliza mtama ule, sisi tungelala njaa. Lakini mimi nilimpenda kwa sababu zangu mwenyewe. Alilala miguuni pangu, na nilipougua homa hakuniacha.

Siku moja ya mnada, wafugaji walipita na ng'ombe wao wakasimama kwetu kuomba maji. "Mbukwenyi!" wakatusalimu kwa Kigogo, nasi tukaitikia kwa furaha, asiwepo hata mmoja wa kuangalia mbwa waliofuatana nao. Matroni alikuwa akiota jua kando ya zizi. Mbwa wakamzingira, wakambana kwenye miiba ya ua. Baba aliwafukuza kwa fimbo, na paka hakupata jeraha la maana, ila hakuwa yule tena. Aliingia nyuma ya kilindo akabaki huko. Kengele ya ng'ombe ikilia, anatetemeka. Hata Popo, mbwa wetu mzee asiye na meno aliyekuwa rafiki yake, alipokaribia alirushiwa makucha.

Panya hawakukawia kujua kwamba mlinzi ameacha kazi. Baba akatangaza, "Mnada ujao nitaomba paka mwingine. Huyu nitamwacha kule majabalini." Majabalini kulikuwa na fisi. Nililia mpaka chakula kikanishinda, na baba, ambaye hakuwa mtu mbaya, akasema basi atajaribu kwanza kumponya.

Sasa sikia tiba ya mfugaji. Kwetu, ndama anayeogopa zizi alifungwa kamba palepale mlangoni, ng'ombe wakipita mbele yake, mpaka azoee. Na kweli alizoea. Baba alikuwa hodari wa kazi hiyo. Akamtoa Matroni kwa nguvu, akamfunga kamba ya katani mlangoni mwa zizi, karibu na Popo, jioni ng'ombe wakirudi. Mwanangu, kilio kile sijakisikia tena. Alijirusha, akajikojolea, akatokwa povu, na baba alipoinama kumtuliza akang'atwa. Popo mwenyewe aliona haya akaondoka zake.

Bibi, mama yake baba, alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Daudi! Umemfanya nini huyo?"

"Namzoesha, mama. Ataogopa mpaka lini?"

"Huyo si ndama. Ndama unamfundisha mahali pageni. Huyu hapa ni kwake. Ametishwa nyumbani kwake, na wewe unamfunga palepale alipotishiwa. Mfungue."

Baba alimfungua. Mwanamume mwenye ng'ombe wake, amesimama kama mwanafunzi aliyechelewa paredi! Matroni akarudi nyuma ya kilindo, na tangu hapo hata mimi akawa ananikimbia. Hilo liliniuma kuliko yote.

Kesho yake Bibi akahamisha kazi zake. Alichukua kigoda na ungo wa karanga, akaketi mlangoni mwa kile chumba akimpa paka mgongo. Alimenya karanga huku akiimba taratibu nyimbo zake za kanisani, na vipande vya samaki mkavu ameviacha karibu na kilindo. Popo alifungwa upande wa pili wa ua. Mimi niliruhusiwa kukaa na Bibi, lakini kila nikisikia mchakacho nageuka.

"Wewe," akaniambia, "macho yako yanamfukuza. Menya karanga."

"Bibi, nikimwita je?"

"Unamwita aende wapi? Yupo nyumbani kwake. Sisi ndio tunaobisha hodi."

Mwanzoni samaki hakuguswa mpaka tuondoke. Baadaye akawa anakula tukiwapo, tunasikia tu anavyotafuna. Bibi akawa anakisogeza chakula kidogo kidogo kuelekea kwetu, na paka akishtuka anakirudisha nyuma bila kununa. "Leo hataki," alikuwa akisema, "basi tusimlazimishe." Mimi nilikuwa nikihesabu moyoni mnada unavyokaribia, na kila jioni nilitamani kumkamata nimfiche mahali. Bibi hakuwa na haraka hata chembe, na wakati ule niliona kama hanionei huruma.

Asubuhi ya mnada ikafika. Matroni alikuwa ameanza kutoka na kuketi nyuma ya Bibi, ubavu wake ukigusa kitenge, lakini panya alikuwa hajakamata hata mmoja. Nikasikia hatua za baba. Alikuja na kiroba mkononi. Bibi aliendelea kumenya karanga zake. Matroni alimwona yule aliyemfunga kamba, akajibana sakafuni, masikio yamelala.

Baba akasimama. Akamtazama kidogo, kisha akaondoa macho, kama aliyekuwa akituangalia siku zote hizo bila sisi kujua. Akakiacha kiroba nje. Yule baba yangu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya korongo, akachuchumaa akitupa mgongo, akachota karanga akaanza kumenya. Alimenya vibaya, anachanganya punje na maganda. Kaka, aliyekuwa nyumbani likizo, akaita kutoka nje kwamba ng'ombe wako tayari. Baba akajibu kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo, "Nenda nao wewe."

Jua lilipopanda, Matroni aliinuka, akamzunguka Bibi, akanusa kisigino cha baba. Kisha akakisugua kwa kichwa chake, mara moja tu, akarudi mahali pake. Baba alilia, mwanangu. Hakuthubutu hata kufuta machozi, asije akamshtua. Kabla ya mavuno Matroni alirudia ukaguzi wake wa usiku, lakini baba hakuuliza tena habari za panya.

Kwa hiyo nakuusia hivi. Usimvute huko aliko, na usizibe pale anapojificha, maana ndipo mahali pekee anapopaamini sasa. Mbwa azuiwe asimkaribie. Chakula na maji viwe karibu naye, kwa saa zake zilezile. Asipokula kabisa, mpeleke kwa daktari wa mifugo usingoje. Wewe ingia chumbani na kazi yako, kunja nguo, soma vitabu vyako, ongea taratibu, ila usimkodolee macho. Akikujia, mpe mkono anuse kabla hujamgusa. Akirudi chini ya kitanda usikasirike, kwa sababu hakukutukana. Anajifunza upya nyumba yake. Na utakapokutana na mtu aliyevunjwa moyo, maana utakutana nao wengi, usimburute kwenye furaha yako.

Nenda sasa, mwanangu, paka anakusubiri hata kama hajui. Mungu aibariki mikono yako iwe mipole, akupe subira ambayo mimi sikuwa nayo nilipokuwa na umri wako, na siku utakapoogopa wewe, akuletee mtu wa kukaa karibu nawe asikuharakishe. Amina.