Minazi Tuliyoikata Kuipisha Stima

Idi iliyopita nilikwenda kwetu Tiwi, nikawakuta vijana wa nyumbani wamejazana sebuleni mbele ya runinga. Mpira ulikuwa umeanza. Wachezaji wa upande mmoja walikuwa wamevaa jezi zenye alama ya kampuni ya umeme ya serikali kifuani. Nikasema naenda kunawa mikono, nikatoka nje. Wewe unanijua, mimi si mtu wa kuukimbia mpira. Lakini alama ile ilinirudisha mbali.

Nilikuwa msichana wa kuteka maji na kukuna nazi, miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, tulipokuwa tukiamini karibu kila tulichoambiwa jukwaani. Nililelewa na bibi, mama yake mama, pamoja na mjomba, mwanawe wa mwisho, aliyekuwa mshambuliaji wa timu ya kijiji. Timu yenyewe ilicheza miguu mitupu, na kocha wao alikuwa mwalimu wetu wa hesabu. Bibi alikuwa mjane, na maisha yake yote yalikuwa juu ya minazi. Ilitupa tui la mchuzi, mafuta ya nywele, makuti ya paa, na mbata, zile nazi kavu alizoanika uani hadi sare zetu za shule zikanuka mbata. Nikiisikia harufu hiyo hata leo, moyo huniuma kwa hamu.

Siku moja akaja bwana wa kampuni ya umeme, na suti yake na gari lake. Aliwapa vijana jezi, viatu na mpira mpya unaonukia ngozi. Kampuni ilitaka jina lake lionekane viwanjani kote pwani. Hilo tulilielewa baadaye. Siku ile alisema tu, "Leo nimewaletea jezi. Stima nayo iko njiani." Vigelegele vilivyopigwa, mbuzi walikata kamba. Tangu hapo timu ikaitwa Vijana wa Stima, katika kijiji tulimokuwa tukisoma kwa koroboi. Jezi zile nilizifua mimi kwa sabuni ya mche, na bibi alinionya nisiisugue ile alama ya kifuani isije ikatoka.

Sasa, kwetu mgeni akisema yuko njiani, huwezi kumsubiri na ua mchafu. Unafagia, unateka maji, unatandika mkeka. Hivyo ndivyo tulivyoipokea stima. Mwalimu alisimama barabarani, akanyoosha mkono kuelekea kiwanjani, akasema nguzo zitapita hapa, maana ndiyo njia fupi. Hakuna aliyemwuliza bwana yule. Kumhoji mgeni atapita wapi tuliona ni utovu wa adabu. Vijana wakashika mashoka, na njia aliyoionyesha mwalimu ilipita katikati ya shamba la bibi.

Bibi hakupinga. Aliitazama minazi ikianguka mmoja mmoja, akasema ni kheri, wajukuu watasoma. Ila walipoufikia mnazi wa karibu na jiko, akasimama mbele yake. Ule ulikuwa wa mjomba. Ulipandwa alipozaliwa, kitovu chake kikazikwa shinani, na kwa desturi yetu mti wa namna hiyo ni mali ya mtoto, ardhi iwe ya yeyote. Mwalimu alimbembeleza, bibi akakataa. Ndipo mjomba akatoka kati ya wenzake, jezi mwilini.

"Mama, huu si wangu?"

"Ni wako, mwanangu. Lakini kitovu nilikizika mimi."

"Basi nitaukata mwenyewe. Usiwe na wasiwasi, mama, utapika kwenye mwanga."

Akaukata. Sisi watoto tuligawana moyo wa mnazi ule, mweupe na mtamu, nami nikala nikaomba tena. Bibi hakuonja.

Miezi ikapita. Bwana yule alirudi kutazama mechi, akaiona njia ile ya visiki, akauliza, "Mnajenga barabara hapa?" Mwalimu akasema, "Tunafagia tu, bwana." Hakuna aliyemweleza. Tuliona haya, kama mtu aliyempikia pilau mgeni ambaye alikuwa akipita tu. Na kinachonikera hadi leo ni kwamba hata hakukusudia kutudanganya. Alikuwa amekwisha sahau alichosema.

Alichokipenda ni miguu ya mjomba. Akamchukua Mombasa kuichezea timu ya kampuni, nasi tukamsindikiza kwa nderemo. Alicheza misimu michache, akaumia goti, na kampuni ikapata mshambuliaji mwingine. Alirudi akichechemea, akamkuta mama yake akinunua nazi kwa jirani, jirani yule yule aliyekuwa akija kwetu kuomba. Siku hiyo mjomba hakumaliza wali wake.

Stima ilikuja, ndiyo. Ilifuata barabara kuu kwenda kwenye mahoteli ya Diani, nasi tukawa tunaona mwanga wake tu, angani upande wa kusini. Ilipofika kijijini, bibi alikuwa amekwisha zikwa, na nguzo zikapita upande wa pili kabisa. Shamba hazikuligusa.

Basi Idi hiyo, baada ya kunawa, niliingia jikoni nikaomba nazi nikune. Wakanicheka, wakanitolea tui la pakiti kwenye friji. Mbuzi ya bibi ya kukunia nazi niliikuta nyuma ya mlango, meno yake yameliwa na kutu. Niliishika nikaona machozi yanakuja.

Mjomba alikuwa nje, amekaa pale pale ulipokuwa mnazi wake. Kisiki kilioza zamani, lakini hakuna aliyewahi kupajenga. Kelele za goli zikatoka sebuleni.

"Nani wanacheza?" akaniuliza.

"Sikutazama vizuri, mjomba."

"Hebu katazame. Uniambie jezi zao zimeandikwa nini kifuani."

Nikaenda, nikasimama mlangoni kwa muda, nikarudi. Nikamwambia hazikuandikwa kitu.

"Afadhali yao," akasema, akaendelea kulikanda goti lake.